Wigi la Mama, na Neno Sitara

Wigi la mama nililifua kila Jumamosi, siku ambayo sina vipindi shuleni. Maji nilikuwa nakinga alfajiri na kuyaweka kivulini, kwa sababu maji ya Tanga yakilala kwenye tangi juu ya paa, ikifika saa nne yameshapata uvuguvugu, na wigi la nyuzi za plastiki halitaki hata uvuguvugu. Namimina kifuniko kimoja cha shampuu isiyo kali, nakoroga kwa vidole mpaka povu lianze, ndipo nalizamisha. Dakika tano, au kumi likiwa na jasho la wiki nzima. Halisuguliwi kama kola ya shati. Unalishika utosini, kwenye kile kikofia cha wavu kilichoshikilia nyuzi, unalichovya, unaliinua, unalichovya tena.

Asubuhi moja mama mdogo, ndugu wa mama wa tumbo moja, aliingia kwa mlango wa uani akanikuta nimechuchumaa mbele ya beseni. Akaangalia kidogo, kisha akasema, kwa huruma wala si kwa ugomvi: “Mwanangu, laana hiyo ndiyo unayoifua kwa upole hivyo?”

Sikumjibu. Mama mdogo ananipenda, na alilolisema alilisoma chuoni akiwa mtoto kama nilivyolisoma mimi. Lakini neno lake liliingia humo humo ndani ya beseni, na tangu siku ile sikuwahi kulifua wigi lile bila kuliwaza.

Mama alianza dripu za saratani ya matiti pale Ocean Road, Dar es Salaam. Nimefundisha kemia miaka 19, kwa hiyo nilikuwa najua kitakachotokea: dawa zile huwinda seli zinazogawanyika upesi, na mzizi wa unywele nao hugawanyika upesi, basi huchukuliwa pamoja na mwenye hatia. Kujua hakukunisaidia. Siku ya 17 nilimkuta amekaa kitandani anaokota nywele kwenye foronya, moja moja, anazifunga kwenye pembe ya kanga, maana kwetu nywele huzikwa, hazitupwi jalalani. Siku nne baadaye akaniomba nimnyoe zilizobaki. Nilimnyoa kwa wembe mpya, yeye akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa siku ya saba.

Mtu atauliza, nami nilijiuliza: mwanamke wa miaka 63, mjane, asiyetoka bila baibui na ushungi, wigi la nini? Wa njiani haoni unywele wake, uwepo usiwepo. Ni kweli. Wigi halikuwa la njiani. Mjukuu wake wa miaka minne alipomwona mara ya kwanza kichwa wazi, alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, akalia akimwita bibi, na bibi yuko mbele yake. Tena kulikuwa na wanawake waliokuja kumjulia hali. Ndani kwa ndani, wanawake peke yao, ushungi unaachwa uanguke mabegani, na ule wa hariri huteleza wenyewe kwenye kichwa kisicho na kitu cha kuushika. Hapo zinaanza pole. Pole kumi, pole ishirini, kila moja imetoka moyoni, na kila moja inamrudisha mgonjwa kitandani. “Nataka nikae nao tuongee harusi ya watu,” aliniambia, “wasiongee kichwa changu.” Ndipo nikaenda Ngamiani, duka la vipodozi, nikachagua wigi fupi, jeusi, lenye mvi zilizotawanywa, la mtu wa makamo. Sikumchagulia la msichana.

Sasa hiyo laana. Sitaki kuipunguza uzito, kwa kuwa hadithi yenyewe ni sahihi, imo kwa Bukhari na imo kwa Muslim. Asma binti Abu Bakr anasimulia kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kuwa binti yake ni bibi harusi, ameugua surua, nywele zimempukutika. Je, amuunganishie nyingine? Akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu amemlaani mwenye kuunganisha na mwenye kutaka kuunganishiwa. Nimeisoma usiku mara nyingi mama akiwa amelala chumba cha pili, na kila mara hunishika mahali palepale. Muulizaji ni mama, mgonjwa ni binti. Kwetu binti ndiye muulizaji, basi. Siwezi kusema hadithi haimhusu mgonjwa, maana mgonjwa ndiye aliyetajwa.

Nikaenda kwa wanavyuoni. Sisi wa mwambao ni Mashafii, na Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim anapanga mambo moja moja: nywele za binadamu ni haramu bila mjadala, kwa heshima ya mwili wa mwanadamu; kwa nywele za mnyama zilizo tohara, mwenye mume ana ruhusa kwa idhini ya mumewe kwa kauli iliyo sahihi zaidi, asiye na mume, hana. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Baba amefariki tangu 2011. Kwa ile herufi ya kitabu, mwanamke mwenye mtu wa kumpamba ana mlango, na mjane mgonjwa mlango wake umefungwa.

Nilipokifungua tena nilikuta wengine. Laith bin Saad wa Misri alisema katazo ni la nywele kwa nywele. Sufi na vitambaa haviingii humo. Said bin Jubair hakuona ubaya kwa nyuzi za kusukia. Kadhi Iyadhi aliziruhusu nyuzi za hariri za rangi zisizofanana na nywele, na hilo la kutofanana lilinizuia tena, maana wigi la mama lilitengenezwa makusudi lifanane. Lipo pia simulizi la Muawiya akiwa juu ya mimbari ya Madina, mkononi ameshika kishungi cha nywele, akieleza kwamba Mtume alikiita kitu kile uongo. Hapo ndipo wengi wameiona sababu ya katazo: ni udanganyifu. Yule bibi harusi wa surua alikuwa anapelekwa kwa mume, na mume ana haki ya kumjua anayemwoa.

Halafu yuko Arfaja. Huyu alikatwa pua vitani, vita vya Kulabu, kabla ya Uislamu. Akatengeneza pua ya fedha, ikamwoza na kunuka. Mtume akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Dhahabu, ambayo ni haramu kwa mwanamume! Nimeifikiria pua ile kuliko kitu kingine chochote katika jambo hili. Haikuponya, na hakuna aliyeiangalia akadhani ni nyama. Ilimwezesha tu mtu kukaa na watu, wasimkwepe. Wako wanazuoni wa siku zetu walioishika pua ya Arfaja kuwa hoja, wakatofautisha kuondoa aibu ya kilema na kuongeza pambo juu ya uzima, wakaruhusu wigi kwa aliyepotewa na nywele kabisa.

Mama mwenyewe hakungoja nimalize vitabu vyangu. Alikwenda kwa mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu, mzee ambaye amesomesha nusu ya wajukuu wa mtaa, akamuuliza uso kwa uso. Mzee alimuuliza mambo mawili. “Ni nywele za mtu?” Mama akasema la, ni plastiki. “Na unamficha nani?” Mama akasema: “Mjukuu wangu, asilie.” Mzee alinyamaza muda. Kisha akamwambia avae, alivue kwa udhu na kwa josho, na akitokea mtu wa kumposa amwambie kweli kabla ya lolote. Hili la mwisho alilisema bila kutabasamu, na mama alilipokea bila kutabasamu, kwa sababu hukumu yote ilikuwa imesimama hapo.

Plastiki hiyo nayo ina habari zake. Nyuzi nyingi za wigi na za rasta ni modakriliki, zinazopatikana kwa kuunganisha akrilonitrili na kloridi ya vinili. Kampuni ya Kaneka ya Japani ndiyo iliyozisambaza zaidi, ikaziita Kanekalon, tangu 1957. Hakuna kichwa cha mtu kilichonyolewa ili kipatikane kitu hicho. Hili si dogo. Mwaka 2004 wanawake wa Kiyahudi wenye kushika dini, ambao mke wa mtu kwao hufunika nywele zake na wengi huzifunika kwa wigi, walijikuta katika taharuki: Rabi Elyashiv wa Yerusalemu alitoa hukumu ya kukataza wigi za nywele za India, kwa kuwa nywele zile hutolewa na wanaokwenda kunyoa hekaluni Tirupati, na alichokitoa mtu kwa ibada ya mwingine hawawezi kukivaa. Wigi za bei kubwa zikachomwa moto Brooklyn na Israeli, na wengi wakakimbilia plastiki. Nilipolisoma hilo nilijisikia nina dada nisiowajua. Nao waliuliza: kilicho juu ya kichwa changu kimetoka kwa nani, na alikitoa kwa ajili ya nini?

Plastiki ina udhaifu wake pia, na niliujua kwa hasara. Mama hakuweza kukaa bila kupika. Siku moja alifunua sufuria ya wali wa nazi jikoni, mvuke ukampanda usoni, na nywele za mbele za wigi la kwanza zikasinyaa papo hapo, zikawa ngumu kama ncha za brashi ya kiatu. Unywele wa mtu ukiungua unanuka, unapata onyo. Hizi hazikunuka. Zilijikunja tu. Mwalimu wa kemia nimesimama mlangoni, nilikuwa najua vizuri kwamba nyuzi za namna ile hulainika kwa joto, na sikuwa nimemwambia. Alijishika paji la uso akasema, “Nimeharibu kitu cha watu.” Ni chako, mama, nikamwambia. Nikazipunguza kwa mkasi zile zilizosinyaa, lakini halikukaa tena vizuri, ikabidi tununue la pili.

La pili nililitunza kwa adabu zote. Kabla ya kufua nalichana kwa kitana chenye meno mapana, naanzia nchani, napanda kidogo kidogo kuelekea juu, huku nimeshika kati ili wavu usivutike. Baada ya povu nalisuuza kwa maji baridi mara mbili, ya tatu natia tone la dawa ya kulainishia nguo, liteleze lisisokotane. Kile kikofia cha ndani nakipitisha kidole taratibu, kwa kuwa ngozi ya mama ilikuwa laini mno wakati wa dripu na shampuu ikibaki mle inamwasha. Halikamuliwi. Nalilaza kwenye taulo, nalikunja nalo, nalibinya kwa viganja, nalitikisa mara moja, nalivalisha dumu tupu la lita tano kivulini. Likiwa bichi halichanwi. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jasho lilikuwa jingi, kwa hiyo wiki moja ndiyo ulikuwa mwisho wake.

Baba yangu alifanya kazi shamba la mkonge, upande wa Muheza. Singa za katani zilianikwa juu ya nyaya, safu baada ya safu, na jua ndilo lililozing’arisha mpaka zikaumiza macho. Sisi wasichana tulijifunza kusuka kwenye singa zile, tukiwavika wanasesere wetu wa vitambaa. Hakuna mtu mzima aliyetuambia tunadanganya. Katani inataka jua. Wigi linataka kivuli. Nililivalisha dumu lake nikawa namkumbuka baba, na nikawa nawaza kwamba kila uzi, uwe wa jani au wa kiwandani, una namna yake ya kutunzwa, na ukiutunza muda mrefu unaacha kuuona kama hila.

Na hapo ndipo nilipofika kwenye neno ambalo lilikuwa mdomoni mwangu siku zote: sitara. Kiswahili kinajua tofauti ambayo mama mdogo na mimi tulikuwa tunaitafuta. Kuficha ni jambo moja na kusitiri ni jambo lingine. Mwizi anaficha. Mwenye deni anamficha anayemdai pesa. Lakini mtu aliyejenga vyumba viwili vya matofali baada ya kupanga miaka yote anasema amepata pa kujisitiri, na kila mtu anajua nyumba ile iko pale, haikufichwa. Nguo ni sitara. Sanda ni sitara. Mgonjwa akifa katika usafi, tunashukuru kwamba amesitirika. Tukipatwa na jambo tunaita Ya Satari, tukimwomba Mungu kwa sifa yake ya kuwafunika waja wake. Hatumwombi atudanganyie watu. Tunamwomba atuachie heshima yetu wakati tumeishiwa.

Anayeficha anataka usijue. Anayejisitiri, wewe ukijua hupungukiwi na kitu, wala yeye hajakuibia. Wote mtaani walijua mama ana wigi. Lilikuwa linakaa uani juu ya dumu kila Jumamosi, watoto wa jirani wanalipita wakifuata mpira wao. Wale wanawake waliokuja kuongea harusi ya watu walijua pia, na walipoliona kichwani waliongea harusi. Kama ni uongo, ni uongo gani huo ambao anayeambiwa anaujua, na anaupokea kama mtu anavyopokea kikombe cha chai?

Wapo watakaoniambia kwamba nimebadilisha umbile la Mungu. Naliogopa sana neno hilo, nalo limo katika Kurani, sura ya Wanawake. Lakini wigi halikubadilisha umbile la mama. Dawa ndizo zilizolibadilisha, na tulizitumia kwa kuwa tumeamriwa kujitibu. Wigi linavuliwa. Mara tano kwa siku mama alilivua, akaliweka juu ya kabati, akaenda kwenye ndoo yake ya udhu. Akapaka maji kwenye ngozi tupu ya kichwa, mkono wake wenyewe ukipita pale ambapo mjukuu aliogopa kuangalia. Halirudishi mpaka amalize kusali. Nilikuwa namwona kwa mlango ulioachwa wazi kidogo, amevaa shuka lake jeupe la kusalia, na ndani ya shuka kile kichwa hakina kitu. Mbele ya Yule wa pekee asiyedanganyika alisimama kama alivyo, mara tano, kila siku, hata siku ambazo miguu ilikuwa haimbebi na akasali kwenye kiti. Mtu mwenye nia ya uongo hawezi kuishi hivyo. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na kwangu linatosha.

Sisemi kwamba hadithi imefutika, wala sijajipa cheo cha mufti. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wananiuliza kuhusu wigi za nywele za watu za kwendea sherehe, nawaambia mimi sivai na sitawahalalishia. Nasema tu kwamba laana ile ilitajwa mbele ya harusi, mbele ya mtu ambaye angeoa asichokijua, na kwamba kuibeba na kuitua juu ya kichwa cha mgonjwa anayemkinga mtoto na hofu ni jambo linalotaka kusitasita sana. Mama mdogo tuliongea naye baadaye, usiku mmoja kabla ya dripu ya mwisho. Hakusema amekubali. Aliuliza: “Maji lazima yawe baridi?” Jumamosi iliyofuata nilikuwa Dar es Salaam na mama, na niliporudi nikakuta wigi lile la kwanza lililosinyaa mbele, ambalo tulikuwa tumelitupa pembeni, limefuliwa, limevalishwa dumu.

Nywele za mama zilirudi kama miezi mitatu baada ya dripu ya mwisho. Jambo la ajabu ni kwamba wigi hukumbuka: umbo lake limepangwa kiwandani kwa joto, na kila likikauka linarudi mkunjo kwa mkunjo kama siku uliyolinunua. Nywele za mama hazikukumbuka. Zile za zamani zilikuwa nyingi, za kipilipili, zenye nguvu ya kuvunja kitana. Hizi zilitoka nyeupe, laini, zimelala kama za kichanga. Mjukuu alizipapasa akasema hizi ni za nani. “Zangu,” mama akamwambia, “ndizo nilizopewa sasa.”

Mwezi wa Rajabu tulikwenda kliniki, na kwenye foleni alikaa karibu na mwanamke wa Korogwe aliyekuwa anaanza tiba, amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Waliongea kwa muda mrefu. Jioni ile mama akaniambia nilifue la pili vizuri. Lilikauka siku mbili kivulini, tukalifunga ndani ya kanga safi, na nikaandika kwenye karatasi mambo ya kumwelekeza: maji baridi, shampuu kidogo, lisisuguliwe, lisikamuliwe, lianikwe kivulini, lichanwe likikauka, livuliwe kwa udhu. Mama aliisoma, akaniomba kalamu, akaongeza mstari wa mwisho kwa mwandiko wake: asifunue sufuria ya wali akiwa amelivaa.